Mwali Aliyeomba Chumvi

Mwezi uliopita tulimzika Bibi Hadija kule Zombo. Alikuwa kungwi wa wasichana wote wa upande wetu, mimi nikiwamo, na alikufa mzee kabisa, meno hana, macho hana, lakini ulimi alikuwa nao mpaka siku ya mwisho. Nilitoka Mikumi na gari langu. Nasema langu kwa sababu nimelinunua mwenyewe, sikurithi wala sikuhongwa. Shule niliishia darasa la tatu, na nyumba ya wageni ninayoendesha pale barabarani, wanapolala na kula madereva wa malori, niliianza na sufuria moja ya wali na benchi la kuazima. Baada ya maziko, wanawake wakiwa wanapika uani, niliingia peke yangu kwenye chumba cha ndani cha ile nyumba ya zamani. Siku hizi wanaweka magunia ya mahindi humo. Nilisimama mpaka mkwe wa marehemu akaja kuniuliza, "Mama, unatafuta nini huku gizani?" Nikamwambia natafuta mahali pa kupumzika. Nilimdanganya. Kwenye chumba kile nilimlea mdogo wangu Zena kwa miezi saba, mwaka nilipokuwa na miaka kumi na minane, na tangu mwaka ule hatujaishi tena chini ya paa moja. Nimekaa na watu wengi katika maisha yangu, waume wawili, watoto, wafanyakazi wasio na hesabu. Hakuna niliyetamani aingie mlangoni kama ninavyomtamani yeye.

Zena alikuwa mtoto wa mama yangu mdogo, kwa hiyo kwetu ni mdogo wangu wa damu. Alivunja ungo mwisho wa masika, akiwa na miaka kumi na mitano, naye akaingizwa ndani kama tulivyoingizwa sote. Mengine ya unyago hayaandikwi na mimi siyaandiki. Nitasema tu yale ambayo hata mwanaume apitaye njiani aliyajua. Mwali anakaa ndani, haoni jua, anapakwa mafuta ya nyonyo, analishwa, na siku ya kutolewa anatoka amenawiri, mweupe, mashavu yamejaa, watu wakimwona wanapiga vigelegele kabla hata ngoma haijaanza. Ngozi yake ndiyo ushahidi kwamba alilelewa vizuri. Na katika ukoo wetu, sijui kwenu, mwali hali chumvi mpaka siku anayotoka. Walisema chumvi inamharibu mwali ngozi, inamtia weusi. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kwa talaka, ndoa ya miezi kumi na mmoja, na nilikuwa nikipita kisimani wenzangu wanapunguza sauti. Bibi Hadija aliponiita na kuniambia, "Chausiku, mwali huyu nakukabidhi wewe, umlishe, umwogeshe, umlinde," niliona nimerudishiwa jina langu. Nilimbusu mkono. Ningebeba maji kutoka Kilosa kwa kichwa kama angeniambia.

Chumba chenyewe kilikuwa hakina dirisha. Kitanda cha kamba, mkeka, mtungi wa maji kwenye kona, na juu karibu na paa palikuwa na tundu ambalo mchana lilitupa doa la mwanga ukutani, doa likatembea taratibu mpaka jioni. Zena alijua saa kwa lile doa. Upande wa pili wa ukuta palikuwa na kinu, na wanawake waliotwanga pale walisema yote, nani kamfumania nani, nani kauza mbuzi wa mwenzake, nani anajidai ana mimba. Waliona kama ukuta hauna masikio, na nyuma yake kuna msichana hana kazi nyingine isipokuwa kusikiliza. Nikiingia na chakula mchana ananikalisha kitandani, ananipa habari za kijiji nisizozijua mimi niliyekuwa nje. Tena hakuzisema kwa sauti yake. Alikuwa anawaigiza, mmoja mmoja, mke wa mwenyekiti anavyovuta maneno puani, Bibi Hadija anavyokohoa kabla ya kutukana. Alifanya yote kwa kunong'ona, na mimi nilijiziba mdomo kwa kanga nisisikike, machozi yananitoka. Mtu aliyeachwa na mume hategemei kucheka. Nilicheka mwaka ule kuliko miaka yote iliyofuata ukiijumlisha.

Chakula chake kilikuwa kizuri kwa kukiona. Kuku wa kienyeji, uji wa maziwa, ndizi, maharage. Lakini bila chumvi. Mlenda bila chumvi, wewe jaribu siku moja, unakuwa kama unameza kamasi. Mimi nilipokuwa mwali nililalamika wiki mbili, ulimi ukazoea. Zena hakuzoea. Mwezi wa pili alianza kuniomba.

"Dada Chau, nilambishe kidogo."

"Mwali halambi chumvi."

"Kidole kimoja tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe si mtu, wewe ni dada yangu."

Nilicheka, nikamletea. Chumvi ya mawe, ile ya mabonge, nilifunga kwenye pindo la kanga. Nilidhani atalamba. Aliitafuna, kru kru kru, kama mtu anayetafuna karanga, kisha akalamba na pindo lenyewe. Siku ya pili akataka zaidi. Ikawa kila mchana namletea, na akishaipata anakuwa Zena tena, anakaa kitako, anaigiza watu. Asipoipata analala tu ameangalia ukuta, anasema miguu yake haina mifupa. Nilimwona mvivu. Nilimwambia, "Wewe ulizaliwa uolewe na mwarabu, ukae kwenye mto." Akasema, "Mwarabu mwenyewe awe na duka la chumvi."

Mwezi wa tano nilipokuwa nampaka mafuta niliona vifundo vya vidole vimekuwa vyeusi. Nikasugua, nikidhani uchafu. Haukuwa uchafu. Alikuwa na kovu la moto mkononi, la tangu utotoni, lililokuwa limepauka. Sasa lilikuwa jeusi kama masizi ya chungu. Mistari ya viganja ilikuwa kama imechorwa kwa mkaa. Na mwili, badala ya kujaa, ulikuwa unakwisha, mifupa ya mabega inasimama. Msichana aliyeingia ndani maji ya kunde alikuwa anageuka mweusi gizani, mahali pasipo na jua. Nilianza kumpaka mafuta mara mbili. Nikaacha kulala usingizi mzuri.

Bibi Hadija alikuja kumkagua asubuhi moja. Alimvua kanga, akamgeuza, akamtazama vidole. Akaniita nje, pale kwenye kinu, wanawake wawili wanatwanga wanasikia.

"Chausiku. Mwali unamlea au unamkaanga?"

"Shikamoo bibi."

"Ulishanipa shikamoo nikiingia. Nakuuliza, huyu mtoto anaota jua la nani?"

"Hatoki, bibi. Haki ya Mungu hatoki. Mlango naufunga mwenyewe."

"Basi anakula nini?" Akanisogelea, akanikoholea usoni. "Mimi nimetoa wali kabla mama yako hajakuzaa. Mwali anakuwa mweusi kwa mambo mawili. Jua au chumvi. Kama si hili ni lile. Watu wa mchumba wake wanatoka Mikumi hadi hapa kumtazama, unataka niwaonyeshe mkaa?"

Mmoja wa wale wanaotwanga akasema, bila kusimamisha mchi, "Mwanamke hakumweza mume, atamweza mwali?" Mwenzake akacheka. Neno lile nalisikia mpaka leo nikiwa nahesabu mashuka.

Nataka mnielewe hapa, maana ndipo nilipokosea, na sikukosea kwa ubaya. Mimi nilikuwa najua kwamba jua hajaota. Kwa hiyo lilibaki moja. Nililiona kwa macho yangu, nilianza kumpa chumvi, akaanza kuwa mweusi. Nilipoongeza chumvi, weusi uliongezeka. Ungekuwa wewe ungesema nini? Niliona kwamba wazee walisema kweli na mimi kwa upole wa kijinga ndiye ninayemharibu mdogo wangu. Zilibaki siku nane atolewe. Niliingia chumbani nikamwambia chumvi imekwisha, na haitakuja nyingine, na ngozi yake itarudi.

"Dada, bila chumvi nakufa."

"Hakuna mtu aliyekufa kwa kukosa chumvi. Mimi nilikaa humu humu miezi sita, sikufa."

"Wewe ni wewe."

"Na wewe ni nani? Siku nane tu, Zena. Vumilia, utanishukuru."

Siku mbili za kwanza aliomba kwa maneno. Siku ya tatu alinitukana, mara yake ya kwanza na ya mwisho kunitukana. Siku ya nne aliniomba maji. Nikasema maji si yako hapo kwenye mtungi? Akasema hapana, anataka yale maji niliyoloweka sufuria ya mboga ya watu wa nyumbani. Maji ya kuoshea vyombo, yenye masizi na mafuta yaliyoganda, kwa sababu ndani yake kuna chumvi. Nilimnyima. Niliyamwaga uani, yeye ndani anasikia yanamwagika. Nimefanya mambo mengi ambayo Mungu ataniuliza, hili nalitegemea liwe la kwanza.

Siku ya tano nilikuwa naweka chakula mlangoni naondoka, maana nikiingia nitalegea. Siku ya sita alianza kutapika na kushika tumbo. Nilimwambia Bibi Hadija tumbo linamsumbua, akampa mizizi ya kuchemsha, akasema wali wote wanaogopa siku ya kutoka. Mama mdogo, mama yake Zena, aliniuliza, "Mwanangu yuko salama?" Nikamwambia yuko salama. Ngozi yake nilikuwa naikagua kila alfajiri kwa mwanga wa kibatari, nikajiaminisha kwamba imefifia.

Siku ya kumtoa ilikuwa na jua zuri. Uwanja umefagiliwa, pilau inanukia, watu wa mchumba wamekaa kwenye viti walivyoletewa, wanaume upande ule, wanawake upande huu, ngoma zinapashwa kwenye moto wa majani. Shangazi mmoja mwenye nguvu alimbeba mwali begani kama ilivyo desturi, amefunikwa kanga mpya gubigubi. Shangazi yule akaniambia kwa mnong'ono, "Mbona mwepesi hivi? Mmempa nini, upepo?" Akamtua mwali katikati. Bibi Hadija akavuta kanga.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Niliwahi kusikia kimya kama kile mara moja tu tena, barabarani hapa Mikumi, baada ya ajali ya basi. Kisha mwanamke mmoja nyuma akasema, "Huyu ametoka ndani au ametoka tanuri la mkaa?" na watu wakacheka, wale wa kwetu kwa aibu, wale wa mchumba kwa kweli. Zena alisimama. Alimtafuta mtu kwa macho, nafikiri alinitafuta mimi. Ngoma ilipogonga alijaribu kunyanyua mkono kama alivyofundishwa, akaanguka ubavu, kichwa kikagonga chini. Bibi Hadija akasema ni pepo, apungwe. Nilikuwa wa kwanza kumshika. Mikono ilikuwa baridi kama mtungi, mdomo mkavu, na nilipoweka sikio kifuani moyo ulikuwa unapiga kwa mbali na haraka, kama kifaranga ukimshika.

Aliyeamua ni mjomba. Kwetu mjomba akisema imekwisha. Alisema, "Pepo wake tutampungia hospitali." Palikuwa na lori la pamba kwenye kituo cha ununuzi, tukamlaza juu ya marobota, mama mdogo, mjomba, Bibi Hadija na mimi, tukaenda Kilosa. Bibi Hadija alikuja kwa sababu mwali alikuwa bado mikononi mwake, na nampa heshima hiyo, asingeweza kubaki. Njia nzima alisoma dua. Mimi nilishika mguu wa Zena, sikuweza kumtazama usoni.

Hospitali walimpokea haraka. Daktari alikuwa kijana mwembamba, mpole, na muuguzi mmoja mnene aliyeitwa Sista Agripina. Sista alimfunga ile mipira ya presha mkononi, akafungua, akafunga tena, akasema, "Daktari, siipati." Wakamtundikia dripu. Daktari akatugeukia sisi, tumesimama ukutani kama watu tulioshtakiwa.

"Anakula?"

"Anakula vizuri, mwanangu," Bibi Hadija akajibu. "Kuku, maziwa. Ni mwali, anatunzwa."

"Amefanya kazi juani?"

"Hajaona jua miezi saba."

Daktari alimtazama mama mdogo, ngozi yake, akamtazama Zena. Akamfungua mdomo kwa kijiti. Fizi zilikuwa na madoa meusi, kama mtu aliyekula zambarau. Aligeuza viganja. Akauliza kama aliwahi kukohoa muda mrefu. Mama mdogo akasema ndiyo, mwaka juzi, alikohoa miezi, akakonda, kisha akapona kwa dawa za kienyeji. Kisha akauliza, "Kuna kitu alichokuwa anakitamani kupita kiasi? Udongo, mkaa, chumvi?"

Bibi Hadija hakumwacha amalize. "Mwali wetu halambi chumvi."

Daktari akatikisa kichwa, akaanza kuandika. Nilijua akishaandika ndiyo basi. Nilimtazama mjomba, nikamtazama Bibi Hadija, mwanamke aliyenirudishia jina, na nilijua nikifumbua mdomo nitatoka pale sina jina tena, na mwali nitakuwa nimemwanika mbele ya mwanaume asiyemjua. Sista alikuwa anamgonga Zena shavu, anamwita, Zena haitikii.

"Analamba," nikasema. "Anakula kama sukari. Nilikuwa nampelekea mimi, kila siku, karibu miezi mitano. Akipata anakaa, akikosa hawezi kusimama. Nimemnyima siku nane."

"Siku nane?"

"Ndiyo. Nilidhani ndiyo inayomtia weusi."

Daktari hakunigombeza. Aliweka kalamu chini, akamwambia Sista maneno ya dawa, haraka, na Sista mnene yule alikimbia kama msichana. Walimchoma sindano kwenye mshipa. Bibi Hadija alinigeukia, akasema taratibu, si kwa hasira, na ndiyo maana iliniuma, "Umetuvua nguo, Chausiku." Akaenda kukaa nje.

Ile sindano sijui niieleze vipi. Nimeona mvua ikinyesha kwenye mahindi yaliyokunja majani, asubuhi yake ukipita shambani huamini. Kesho yake Zena alifumbua macho akaomba uji, wenye chumvi. Siku ya tatu alikuwa anakaa. Siku ya tano nilimkuta anamwigiza Sista Agripina anavyotembea, wodi nzima inacheka, na Sista mwenyewe amesimama mlangoni nyuma yake, mikono kiunoni.

Daktari alinikalisha akanieleza, na kwa kuwa mimi si msomi nitasema kama nilivyoelewa. Juu ya kila figo kuna kitezi kidogo, kimekaa kama kofia. Vitezi vile vinatoa vitu vinavyoingia kwenye damu, wao wanaviita homoni. Kimoja ndicho kinachokupa moyo wa kukimbia ukikutana na simba. Kingine kinakufanya usimame unapoumwa, unapofiwa, unapopigwa na njaa. Kingine kinaushika mwili usimwage chumvi yake. Ule ugonjwa wa kifua uliojificha ulikuwa umevila vitezi vya Zena, vikakauka. Chumvi ilikuwa inamtoka kwenye mkojo, mwili unaidai mdomoni. Na kichwani huko mwili ukipiga kelele kuviamsha vile vitezi vilivyokufa, kelele hiyo hiyo ndiyo inayotia ngozi weusi. Kwa hiyo weusi na hamu ya chumvi vilikuwa watoto wa mama mmoja, na mimi nilidhani mmoja kamzaa mwenzake. Nilimwuliza, "Kwa hiyo chumvi yangu ilikuwa inamuua au inamponya?" Akasema, "Ilikuwa inamshikilia."

Aliniambia pia kwamba vitezi hivyo vikizidisha ni ugonjwa mwingine, na hilo nililikumbuka majuzi tu. Mhudumu wangu mmoja hapa Mikumi alikuwa ananunua vidonge vya kunenepa, wanavyouziana wasichana bila karatasi ya daktari. Uso ukawa mviringo kama sufuria, shingo nyuma ikaota nundu, wateja wanamsifu kanenepa. Siku alipokosa vidonge alilala siku mbili hanyanyuki. Nilimtia kwenye gari mwenyewe, njiani namtukana. Vile vidonge ni ndugu wa dawa ya Zena. Vinafanya vitezi vilale, ukiviacha ghafla vitezi haviamki. Daktari wa siku hizi aliniuliza nimejuaje. Nikamwambia nilifundishwa kwa gharama.

Zena alipewa vidonge vya kumeza kila siku ya maisha yake, asikose hata siku moja, na akipata homa aongeze, na akitapika akimbizwe hospitali. Vidonge hivyo Zombo havikuwapo, na miaka ile wakati wa mvua ungeweza kukaa wiki mbili usitoke. Sista Agripina hakuwa na mtoto. Alisema msichana akae kwake, nyumba za wauguzi, nyuma ya hospitali, asome ushonaji, mpaka tuone. Mama mdogo alilia, akakubali. Watu wa mchumba walikuwa wamekwisha kutuma mtu kusema wamepata kwingine. Mimi nilibaki Kilosa wiki mbili, nalala kwa Sista sebuleni, na sikukubali moyoni. Nilikuwa nimeshapanga. Nitajenga kibanda changu Zombo, nitakaa naye, nitakuwa naenda Kilosa kwa baiskeli kuchukua vidonge, mimi ni mwanamke wa nguvu. Tutacheka tu.

Siku ya kuondoka nilimkuta jikoni kwa Sista anapika maharage. Chumba kilikuwa na dirisha kubwa na pazia la maua, jua limeingia mpaka kwenye meza. Weusi ulikuwa umeanza kumtoka usoni. Alinipakulia, akakaa mbele yangu, akaanza kula. Nilimwambia kwanza nilichotaka kumwambia, kwamba zile siku nane ni mimi, si Bibi Hadija, si mtu mwingine, na yale maji ya sufuria niliyamwaga nikijua anasikia.

"Najua, dada. Nilikuwa nakusikia unaweka sahani unasimama. Unasimama weee, kisha unaondoka."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe zamani. Nilikusamehe kwenye lori."

"Ulikuwa hujitambui kwenye lori."

"Mguu nilikuwa nausikia."

Nikalia, nikafuta, nikampa mpango wangu wote, kibanda, baiskeli, kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameshika tonge la ugali hajaliweka mdomoni. Akasema, "Dada Chau, nikianguka kule, utanileta hospitali?"

"Nitakuleta. Hata kwa mgongo."

"Na Bibi Hadija akikwambia subiri kwanza? Na mjomba naye akisema subiri?"

Leo ningemjibu kabla hajamaliza. Leo sina wa kuniambia subiri, nimejihakikishia hilo, na wakati mwingine nafikiri kila tofali nililoliweka hapa Mikumi niliweka kwa ajili ya kulijibu swali lile. Lakini nilikuwa na miaka kumi na minane, na kesho yake nilikuwa narudi kuishi na wale watu, kuchota maji nao kisima kimoja. Sikunyamaza sana. Muda wa mtu kupepesa macho mara mbili au tatu.

Zena alikuwa ananitazama usoni, na msichana yule alijua kusoma watu. Hakununa wala hakunilaumu. Aliweka tonge mdomoni, akatafuna, akameza. Akavuta sahani yangu akauliza kama aniongezee maharage, nikasema aniongezee.